VPN za bure: nyota mbili, na moja nimeitoa kwa huruma

Nianze na maksi kabisa, mwenye haraka asome hapa aondoke zake. VPN za bure, zile aplikesheni za kufungulia mitandao iliyofungwa, kwa ujumla wake nazipa nyota mbili kati ya tano, moja kwa sababu kweli zinafungua vitu na nyingine kwa huruma tu. Kuna mbili zinavuka hapo nitazitaja mbele, na kuna moja ambayo kama Play Store wangeruhusu nyota za kudaiwa ningeiandikia deni la nyota tatu.

Zamani ukimtajia mtu kitaa habari za VPN anajua unaongelea mambo ya vijana wa kompyuta wale wasiolala, leo bodaboda anayo, mama lishe anayo, shemeji yangu anazo tatu kwenye simu moja na anaamini zikiwa tatu basi ulinzi ni mara tatu, japo simu inakubali kuwasha moja tu kwa wakati. Hii elimu hatukuipata darasani. Kozi ya kwanza ilikuwa Oktoba 2020, kuamkia uchaguzi wa Tanzania, Twitter ikagoma, WhatsApp ikawa inazunguka tu kama feni haitumi kitu, watu wakaanza kupeana aplikesheni kwa Bluetooth kama tulivyokuwa tunapeana nyimbo enzi zile. Kozi ya pili ikaja Mei 2025, akaunti ya Polisi kule X, ile iliyokuwa Twitter, ikadukuliwa, siku hiyo hiyo X ikawa haifunguki tena bila VPN, na baadae waziri wa habari wa wakati huo, Jerry Silaa, akaeleza kwamba ule mtandao unaruhusu maudhui ya ngono ambayo ni kinyume na sheria na maadili yetu. Na kweli bwana, X wenyewe walibadili sera yao mwaka 2024 wakaruhusu rasmi, kwa hiyo hapo sibishi. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na watu wazima na akili zao waliokuwa wanaingia X kusoma tetesi za usajili wa Simba na Yanga na kutukanana kidogo kisiasa, basi, sasa hao wote wakajikuta na kifaa kinachofungua kila mlango duniani. Kama lengo lilikuwa maadili, hesabu mtaipiga wenyewe.

Wala tusijione wa pekee. Waganda ndo maprofesa wetu kwenye hili, wao tangu Julai 2018 walipowekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii walihamia VPN kwa wingi, halafu Januari 2021 Facebook ikafungwa kabisa wakati wa uchaguzi wao, na watu wakaendelea kupost picha za harusi humo humo. Hata Uingereza, walipoanza kudai uthibitisho wa umri kwenye tovuti za watu wazima Julai 2025, kampuni ya VPN ya Proton walisema watu wa kule wanaojisajili kwa saa wameongezeka kwa zaidi ya asilimia 1,400. Mzungu naye kakimbilia kichakani, tena kwa kitu kile kile alichokitaja waziri wetu.

Sasa kwenye bidhaa yenyewe. Hakuna uchawi. Bila VPN simu yako inauambia mtandao wa simu nipeleke mahali fulani, mtandao unajua unaenda wapi hata kama hausomi ulichoandika, maana tovuti nyingi siku hizi zinafunga mawasiliano, ile alama ya kufuli. Ukiwasha VPN kila kitu kinafungwa kinatumwa kwanza kwenye seva iliyoko labda Uholanzi au Romania, kule ndo kinapelekwa unakotaka, na mtandao wako wa simu unachoona ni kwamba umetuma mzigo Uholanzi na mzigo una MB kadhaa. Ni sawa na mtu asiyemwamini karani wa posta, akaichukua barua yake akampa utingo wa basi la mkoani. Posta hawajaiona, sawa. Ila sasa utingo ndo anajua inatoka kwa nani inaenda kwa nani, na huyo utingo hujui kwao, hujui bosi wake ni nani, na kakubali kuibeba bure. Mi swali langu kwa kila VPN ya bure ni hilo tu, wewe mwenzetu mafuta unajaza na nini?

Ile ninayoidai nyota tatu ina nembo ya ngao. Jina naliweka pembeni na haitasaidia sana kulijua kwasababu ukiandika VPN Play Store zinakuja ngao za kila rangi, za kijani, za bluu, zenye radi katikati, zenye funguo, na nyingi ukizifungua ndani ni kitu kile kile kimebadilishwa nguo. Hii yangu niliiweka makusudi kuipima, kwenye Android ya kawaida na bando la kuunga unga. Kabla haijaunganisha inakuletea tangazo la video, huwezi kuruka mpaka hesabu iishe, na ukifikiria vizuri hilo tangazo limekuja kabla ya ulinzi kuwaka, yani wenye matangazo wameshakuona na anwani yako halisi ya mtandaoni, ile IP, simu aina gani, upo wapi, ndo sasa unaambiwa "uko salama" na ngao inawaka kijani kwa mbwembwe. Ukizima, tangazo lingine. Ukitaka kubadili nchi, tangazo lingine. Ikaomba ruhusa ya kuona nilipo, nikasema haya labda inatafuta seva ya karibu, halafu ikaomba majina ya kwenye simu. Majina? Ya nini, unataka kumsalimia mama mkwe?

Sera yao ya faragha nayo nimeisoma, najua mimi ni mgonjwa, lakini niliisoma yote nikiwa foleni ya Ubungo na nilimaliza kabla hatujafika mataa. Juu inasema hatukusanyi chochote. Chini kidogo inasema tunaweza kushirikisha taarifa tulizokusanya na washirika wetu. Hao washirika hawatajwi. Kampuni haina mtaa, haina jengo, ina barua pepe ya bure kama yangu na yako. Basi watu milioni na ushee wameiweka na wameandika kwenye maoni "good app", "nice", "asante inafungua". Moja ya maoni, naapa, mtu kaandika namba yake ya simu akiomba asaidiwe kuunganisha.

Ukiwa ndani yake maisha ni hivi. Chaji inashuka. Bando linaliwa kidogo zaidi ya kawaida kwasababu ile kufunga na kufungua ina gharama yake, usidanganywe na wale wanaosema VPN inakupa intaneti ya bure. Aplikesheni ya benki inakukatalia kabisa, inakuona umehamia Ulaya ghafla bila kuaga, lazima uzime, ufanye muamala, uwashe, tangazo. Matangazo ya video yanakuja kwa Kiholanzi, nimetangaziwa baiskeli za umeme na jibini mpaka nimeanza kutamani. Na tovuti nyingi zinakushuku kwasababu mko maelfu mnatoka na anwani moja, kwa hiyo unapewa mtihani wa kuthibitisha wewe ni binadamu, chagua picha zote zenye bomba la zimamoto, lile jekundu fupi la barabarani Marekani, mtu umekulia Temeke hilo dude umeliona kwenye sinema, ukikosea wanakuongezea picha za basi la shule la njano.

Na msidhani natunga hofu, haya mambo yana historia. VPN ya bure ya Hola, mwaka 2015 ilibainika kwamba watumiaji wake wa bure intaneti yao ilikuwa inauzwa kupitia kampuni dada iliyoitwa Luminati, maana yake trafiki ya mtu usiyemjua inapita kwenye simu au kompyuta yako, akifanya ushenzi huko anwani inayoonekana ni ya kwako. Onavo Protect, VPN nyingine yenye jina zuri kabisa, ilikuwa ya Facebook, waliinunua 2013, watu wakaiweka wakijua wanalindwa kumbe Facebook wanaitumia kuangalia watu wanatumia aplikesheni gani za washindani, Apple wakailazimisha kuondoka kwenye duka lao Agosti 2018, mwaka uliofuata wakaifunga. Na ya 2020 ndo inanichekesha kwa uchungu, UFO VPN na wenzake, jumla saba, wote wakijinadi kwamba hawahifadhi kumbukumbu za mtumiaji, ikakutwa hifadhidata imeachwa wazi mtandaoni, zaidi ya terabaiti moja, humo kuna anwani za watu, tovuti walizotembelea na mpaka pasiwedi zimeandikwa wazi. Walikuwa hawahifadhi, ila zilikuwepo. Na zile saba zilionekana zina mtengenezaji mmoja, ndo ile nilisema kubadilishwa nguo.

Sasa zinazostahili. Proton VPN ya bure naipa nyota nne. Ni ya Uswisi, ya watu wale wale wa ProtonMail iliyoanza 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, haina matangazo, haina kikomo cha data, na mafuta wanajaza kwa hela za wanaolipia, hilo ndo jibu nililokuwa nalitaka kwa utingo. Ubaya wa ya bure huchagui nchi mwenyewe, inakuchagulia, na ni kifaa kimoja kwa wakati. Nyota ya tano nimeizuia kwasababu 2021 upande wao wa barua pepe ulipokea amri ya mamlaka za Uswisi ikabidi warekodi anwani ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa na ikafika kwa polisi. Wao walisema amri ya namna ile kwa sheria ya kule inagusa barua pepe, haigusi VPN, sawa nimewaelewa, lakini nimeiweka hapa ujue kwamba hata Uswisi kuna hakimu.

Psiphon nayo tatu na nusu. Ilianzia Chuo Kikuu cha Toronto, kwenye maabara ya Citizen Lab, na imetengenezwa mahsusi kupenya palipofungwa, sio kukuficha wewe usijulikane, na wenyewe hawakufichi hilo. Ya bure ina matangazo na ukitaka mwendo zaidi unalipia. Kama shida yako ni mlango umefungwa unataka kuingia tu, ni saizi yako. WARP ya kampuni ya Cloudflare watu wanaichukulia kama VPN ila wenye nayo wanasema kabisa haijatengenezwa kukubadilishia nchi, hiyo ni ya kuboresha njia tu, kwa hiyo kama unaiwasha ukidhani umejificha Canada, pole.

Kuna hili la sheria na siwezi kuliruka kwasababu mtu atasoma hapa ataenda kuweka halafu aje kunilaumu. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2020 zinagusa kutumia njia za kufikia vilivyokatazwa, na adhabu yake sio chini ya milioni tano au kifungo kisichopungua miezi kumi na mbili au vyote. Na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo, wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na kwenye taarifa zinazotakiwa ipo anwani ya IP. Niliisoma mara mbili hiyo. Yani kifaa cha kuficha anwani, unakwenda kukiandikisha kwa kutoa anwani. Kwa makampuni yenye ofisi na matawi naelewa, wana mitandao yao ya kazini na ni utaratibu wa kawaida, lakini nilijaribu kumuwaza yule mama lishe wa pale kituoni amejaza fomu ameandika IP yake, nikashindwa.

Ila ngoja tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe maana serikali tu ndo tunailaumu. Mtu anawasha VPN, anasubiri tangazo, ngao inawaka kijani, kisha anaingia Facebook kwa jina lake la ubatizo na la ukoo, picha yake amevaa kitambulisho cha kazini, anakomenti "wanatufuatilia hawa". Mkuu, nani akufuatilie, umeshawatumia lokesheni! Akaunti yenyewe umeifungua na namba ya simu, namba imesajiliwa kwa alama ya kidole na NIDA, lile zoezi la mwisho Januari 2020 tulilopangia foleni wote. VPN inabadilisha barabara, haibadilishi dereva. GPS ya simu nayo haijui habari za Uholanzi, ukiwa Mbagala inasema Mbagala.

Halafu nenda kwenye grupu la michango ya harusi. Kila jioni mweka hazina anatuma orodha, majina kamili, namba za simu, kiasi ulichoahidi, kiasi ulichotoa, na emoji ya tiki kwa waliomaliza, grupu lina watu mia na kitu nusu yao huwajui na mmoja ni wakala wa bima. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, imeanza kazi Mei 2023 na tume yake ipo kabisa, lakini hakuna tume duniani itakayomgusa mweka hazina wa kamati ya harusi. Fika gesti yoyote ya mkoani, unapewa daftari unaandika jina, umetoka wapi unaenda wapi, kabila, na mwenye macho anasoma aliyelala jana chumba namba saba alikuwa na nani. Hapo hatuwashi ngao. Na wale jamaa wa siasa, wa kila rangi ya chama maana hapa hakuna msafi, mtu anaomba uhuru wa maoni asubuhi, jioni anaposti skrinshoti za meseji za faragha za mpinzani wake, na wafuasi wanaziongezea namba ya simu ili "apigiwe". Wakifanyiwa wao inaitwa ukiukwaji.

Kwangu mimi kilichowahi kuwalinda watu hapa nchini kwenye mambo ya mitandao hakikuwa kitufe. Maxence Melo wa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016 akapandishwa kizimbani, moja ya hoja ikiwa kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake kwa polisi. Alikwenda mahakamani miaka. Watumiaji wenyewe wengi nadhani walikuwa wanaendelea kubishana kuhusu nani alizaliwa wapi, na mtu anazunguka kortini kwa ajili ya majina yao ya bandia. Hiyo huduma haina nembo ya ngao na haipo Play Store.

Na kikomo cha bidhaa hii, ambacho hakiandikwi kwenye maelezo yake, tulikiona siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. VPN inahitaji intaneti iwepo. Mtandao mmoja ukifungwa inazunguka, lakini intaneti yote ikizimwa nchi nzima ngao yako ni picha tu kwenye kioo, Proton na ya bure ya matangazo zote sawa, haina pa kupita. Zile siku sitazitania kwasababu kuna watu waliondokewa na wapendwa wao na walikuwa hawajui, simu iko mkononi, chaji imejaa, hakuna kinachoingia wala kutoka. Kama kuna anayekuuzia VPN kwa maneno kwamba "hii inafanya kazi hata wakizima yote", huyo anakuibia, na nimewaona wanauza kwa buku tano tano.

Wengi wameniuliza za kulipia. Nzuri zipo, tatizo la za kulipia kwa mtu wa hapa ni kulipa kwenyewe. Kadi ya mtandaoni ya mitandao ya simu inafanya kazi, ila imetoka kwenye laini yako yenye majina matatu kama yalivyo kwenye NIDA, kwa hiyo umejificha na risiti unayo. Katika zote inayonivutia ni Mullvad ya Sweden, haitaki jina wala barua pepe, inakupa namba tu, bei ni yuro 5 kwa mwezi haipandi haishuki miaka yote, na Aprili 2023 polisi wa kule walikwenda ofisini kwao na hati ya upekuzi wakaondoka mikono mitupu kwasababu hakukuwa na taarifa za kuchukua. Na wanapokea pesa taslimu, unaweka yuro kwenye bahasha na ile namba yako unawatumia kwa posta mpaka Gothenburg. Nilishaamua kufanya hivyo, siri kamili safari hii, nikaenda bureau pale mjini kununua hizo yuro, dada wa dirishani akaniambia sawa kaka, lete kitambulisho nitoe kopi.